Macho ya Yakobo, Macho ya Bibi

Masomo ya juma: Mwanzo 27:1–29, Mwanzo 48:8–20, Yohana 9:1–12



Isaka alipozeeka macho yake yaliingia giza, na wa kwanza kuitumia nafasi hiyo walikuwa watu wa nyumbani mwake. Rebeka akapika, Yakobo akavishwa ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, na baba akambariki mtu ambaye hakumkusudia. Tumezoea kuisoma habari hii kama ugomvi wa ndugu wawili. Isomeni tena mkimtazama mzee. Anauliza mara mbili aliye mbele yake ni nani. Anashangaa kwamba sauti ni ya mmoja na mikono ni ya mwingine. Anaomba asogelewe, apapase, anuse nguo. Kila njia ya kujua iliyombakia anaitumia, na kila mara anayemjibu ni mtu anayetaka kitu kutoka kwake.

Miaka mingi inapita. Tuko Misri, na sasa ni Yakobo aliye kitandani, mzee, haoni vizuri. Yusufu anawaleta wanawe wabarikiwe: Manase mkubwa anamweka upande wa mkono wa kuume wa babu, Efraimu mdogo upande wa kushoto. Mzee anaipishanisha mikono. Yusufu anachukizwa, anaushika mkono wa baba yake auhamishe. Unaweza kumsikia anavyowaza: mzee haoni, amechanganya watoto, ndiyo uzee huo. Yakobo anakataa kuongozwa. Anajua anachokifanya, na anamwambia hivyo.

Basi yule kijana aliyemdanganya baba asiyeona, uzeeni anadhaniwa na mwanawe kuwa amepotewa, kumbe akili zake ziko timamu. Makosa haya mawili bado yanakaa nyumbani mwetu. Mzee ambaye kumbukumbu imeanza kumtoka tunamtendea kama mzima, hasa siku ambayo dole gumba lake linahitajika kwenye karatasi ya shamba. Na mzee mzima wa akili tunamtendea kama mtoto, eti kwa sababu hasikii vizuri na chai ameimimina nje ya kikombe.

Nimeyakumbuka masomo haya kwa sababu ya kazi inayofanywa na madaktari katika nchi kadhaa: kupiga picha ya ndani ya jicho la mzee ili kutafuta dalili za ugonjwa wa Alzheimer. Huu ndio ugonjwa unaosababisha sehemu kubwa ya usahaulifu mzito wa uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na usahaulifu wa aina hiyo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Mtu atauliza jicho linahusianaje na kumbukumbu. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ndio unaopokea mwanga. Mtoto akiwa bado mimba changa, utando huo huchomoza kutoka kwenye ubongo wenyewe. Kwa hiyo retina ni sehemu ya ubongo iliyosogezwa mbele hadi usoni, ikaunganishwa na ubongo kwa neva yenye nyuzi zipatazo milioni moja. Hakuna mahali pengine katika mwili wa binadamu ambapo daktari anaweza kuiona nyama ya ubongo bila kupasua mfupa. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyebuni chombo cha kuchungulia humo, mwaka 1850, na tangu hapo madaktari wameweza kuona ndani ya jicho madhara ya kisukari na presha.

Kama hujawahi kupimwa hivyo, ni kipimo kisicho na maumivu. Mgonjwa anatiwa matone, anakaa kwenye benchi mpaka mboni zipanuke, macho yana ukungu na maandishi ya simu hayasomeki. Akiitwa, anaweka kidevu kwenye kibao, paji la uso linagusa mkanda, anaambiwa atazame taa ndogo asipepese. Mwanga unapiga mara moja. Kwenye skrini linatokea duara lenye wekundu wa machungwa, na upande wa pua kuna doa la njano iliyofifia. Hapo ndipo neva inapotokea, na mishipa ya damu inatawanyika kutoka hapo kwenda pande zote. Ipo mashine nyingine, OCT, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Marekani. Hiyo hutumia mwanga kuonyesha retina kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka kama chapati ya kusukuma iliyokatwa kwa kisu, na hupima unene wa kila tabaka kwa sehemu za elfu za milimita.

Ugonjwa wenyewe umebeba jina la daktari, Alois Alzheimer, lakini mimi humkumbuka zaidi mgonjwa. Auguste Deter alipokelewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt mwaka 1901, akiwa na miaka 51. Daktari alimwomba aandike jina lake. Akaandika neno la kutangulia, lile la kumtaja kuwa ni mke wa mtu, kisha akasahau yaliyobaki, ikabidi amkumbushe. Mara kwa mara mama huyo alisema kwamba amejipoteza. Alifariki mwaka 1906. Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge kati ya chembe na nyuzi zilizosokoteka ndani ya chembe zenyewe. Mwezi Novemba mwaka huohuo akayaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, na hakuna aliyeuliza swali.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, uthibitisho kamili ulipatikana kwa njia hiyohiyo: mtu afe kwanza, ubongo wake ukatwe. Ndiyo maana utafiti wa jicho ukawa na mvuto. Mwaka 1986 madaktari wa Los Angeles waliripoti kwamba katika wagonjwa 10 waliochunguzwa baada ya kufa, 8 walikuwa na neva za macho zilizoharibika. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 32,000 waliopigwa picha za OCT. Wale ambao tabaka la nyuzi za neva kwenye retina lilikuwa jembamba zaidi walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu na kufikiri. Walikuwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kushuka katika miaka michache iliyofuata.

Kisha kuna hadithi ya manjano. Katika hospitali ya Cedars-Sinai, hukohuko Los Angeles, Maya Koronyo-Hamaoui na wenzake walitangaza mwaka 2011 kwamba wameona kwenye retina za wagonjwa mabonge ya protini ya amiloidi, ndugu ya yale aliyoyaona Alzheimer. Ili kuyaonyesha walitumia kurkumini, ile rangi iliyomo ndani ya manjano, kwa sababu hushikamana na amiloidi na kung'aa chini ya mwanga maalumu. Baadaye walijaribu kwa watu walio hai, wachache: mtu anakunywa kurkumini siku kadhaa, kisha jicho linapigwa picha. Naona tayari kuna mama ameinuka kwenda kutafuta manjano jikoni. Akae. Pale manjano ilitumika kuonyesha kilipo kitu, haikutumika kukitibu, na ya kwenye pilau haitafanya lolote kati ya hayo mawili.

Niseme pia yale ambayo picha hizi haziwezi, maana kwenye makundi ya simu zetu habari njema za afya hufika bila mipaka yake. Presha ya macho nayo huifanya retina kuwa nyembamba. Kisukari huiharibu mishipa yake. Umri wenyewe huipunguza. Wapo watafiti walioitafuta amiloidi kwenye retina za wagonjwa wasiione. Hivyo daktari mwaminifu hamwambii mtu kwamba ana Alzheimer kwa kutazama picha ya jicho peke yake. Vipimo vinavyotumika kuthibitisha ni vingine: picha za PET, maji ya uti wa mgongo, na sasa damu, ambayo kipimo chake cha kwanza kiliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2025. Dawa mpya zipo, lecanemab na donanemab. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio mwanzoni, haziponyi, zinaweza kuleta uvimbe au damu kwenye ubongo, na bei yake si ya mkulima wa kahawa.

Tena picha si mtu. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Kikatoliki nchini Marekani, wa shirika la Notre Dame. Masista 678 walikubali kupimwa kila mwaka na kuutoa ubongo wao wakifa. Mmoja wao, anayejulikana kama Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101. Kwenye majaribio ya akili alikuwa akifanya vizuri mpaka karibu na mwisho, ila ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za Alzheimer. Hapa Yakobo angecheka. Picha ingesema amekwisha, na yeye anajua vizuri mkono upi auweke juu ya mtoto yupi.

Sasa turudi kwetu, maana jicho la mzee limekuwa likisomwa hapa Tanzania muda mrefu kabla ya mashine ya OCT, na limesomwa vibaya. Mnajua wanawake wazee waliouawa Shinyanga, Mwanza, Geita na jirani zake kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yalitiwa wekundu na moshi: miaka hamsini ya kuinamia jiko la kuni, na kuni zikiisha, kinyesi cha ng'ombe. Mtoto akiugua kijijini, mganga akaulizwa, ramli ikapigwa, jina likatoka. Ushahidi ulikuwa usoni mwa bibi.

Ongezeni juu ya hilo ugonjwa tunaouzungumzia. Mtu mwenye Alzheimer hupotewa na saa, huamka usiku wa manane akidhani kumekucha, na hutoka. Hupotea njia aliyoipita tangu utoto. Anaweza kusahau nguo. Alfajiri anakutwa uani kwa mtu, hana nguo, hawezi kueleza amefikaje. Sihitaji kuwaambia watu watasema nini, mmeshaisikia: ameanguka na ungo. Kila dalili ya ugonjwa ule, jirani ana maelezo yake tayari, na hakuna hata moja linalompeleka bibi hospitali. Nasema bila kumung'unya maneno: mkristo anayelitamka neno hilo juu ya mzee aliyepotea njia anamshuhudia jirani yake uongo, na kuna mahali uongo huo umeishia kwa panga.

Wanafunzi wa Yesu walikuwa na tabia hiyohiyo. Walipomwona mtu asiyeona tangu kuzaliwa, hawakuuliza amekula nini au nani anamwongoza barabarani. Waliuliza dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alizikataa hesabu hizo zote mbili. Kisha akainama, akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi kwenye macho yenyewe. Mimi hupenda kwamba hakuishia kwenye hotuba.

Na kazi imekwisha anza hata karibu nasi. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kati ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, takriban 6 katika kila 100 walikuwa na usahaulifu wa kiwango cha ugonjwa. Walipowahoji wenyeji, wengi walisema ni uzee tu. Vipimo vya akili vya Ulaya vinamtaka mtu asome, aandike, achore. Sasa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu utampimaje? Kikatengenezwa kipimo kinachomfaa. Anaulizwa maswali ya mambo anayoyajua, anatajiwa maneno ayakumbuke baada ya muda, na anapangiwa umbo kwa njiti za kiberiti naye apange lake lifanane. Njiti za kiberiti, wapendwa. Mkono uliolea watoto saba unazigeuza njiti polepole juu ya meza, na muuguzi anayetazama kwa subira anajifunza jambo ambalo mganga mwenye kibuyu hakulijua.

Kwa upande wa jicho, Nakuru nchini Kenya ndiko daktari Andrew Bastawrous na wenzake walikojaribu kifaa cha kupachika kwenye simu ya mkononi ili kupiga picha ya retina, wakaona ubora wake unakaribiana na ule wa kamera kubwa ya hospitali. Hawakuwa wanatafuta Alzheimer, walitafuta magonjwa ya macho. Lakini mjue kwamba siku picha ya jicho itakapokubalika kama dalili ya awali ya usahaulifu, si lazima ikomee kwenye miji yenye mashine za mabilioni. PET ndiyo haitafika kijijini. Simu imekwisha fika.

Kuna anayeniuliza kujua mapema kuna faida gani kama dawa za maana hatuzimudu. Swali zuri, na linaturudisha kwa Isaka. Faida ya kwanza ni kwamba si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa, sonona, maambukizi, hata mchanganyiko wa dawa anazomeza mzee, vyote vinaweza kumvuruga akili, na vingi hutibika. Nani atajua kama hapelekwi?

Ya pili ni sauti yake. Mzee aliyetambuliwa mapema bado ana miezi, pengine miaka, ya kusema mwenyewe shamba la chini ni la nani, anataka akae kwa mtoto yupi, deni gani halijalipwa, azikwe wapi, na amsamehe nani. Aseme mbele ya mashahidi, iandikwe. Tukichelewa, mambo hayo yataamuliwa na yule aliyevaa ngozi za mbuzi. Nimekaa kwenye vikao vya familia vya kutosha kujua kwamba karibu kila mara huwa yupo. Mara nyingi ndiye anayelia kwa sauti kuliko wote msibani.

Ya tatu ni kwa anayetunza. Katika nyumba zetu ni binti mmoja au mkamwana. Anaulizwa swali moja mara ishirini kabla ya chai ya saa nne, anaambiwa ameiba sufuria, na wageni wakija Jumapili mama anakuwa mchangamfu kiasi kwamba wanaondoka wakisema binti anazusha. Akishajua kwamba anayesema yale ni ugonjwa, hasira hupungua kidogo. Haiishi, msimdai utakatifu ambao ninyi hamna. Mpeni siku ya kupumzika. Umoja wa Wanawake mnaoweza kupika kwa ajili ya msiba wa watu mia tatu mnaweza kupanga zamu ya mchana mmoja kwa juma.

Lipo jambo ambalo halingoji utafiti wowote. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya usahaulifu na yanayoweza kurekebishwa. Mojawapo la nyongeza lilikuwa kupungua kwa uwezo wa kuona kusikotibiwa. Miaka michache kabla, watafiti wa Seattle walikuwa wamegundua kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata usahaulifu kwa kiwango cha chini, karibu theluthi moja pungufu, kuliko ambao hawakufanyiwa. Hilo halithibitishi kwamba upasuaji unazuia ugonjwa, na wao wenyewe hawakudai hivyo. Hata hivyo upasuaji wa mtoto wa jicho ni mfupi, na timu za macho huufanya hata kwenye kambi za wilayani. Wazee wetu wangapi wamekaa gizani miaka, tukiwaongoza kwa fimbo mpaka kwenye benchi la mbele kanisani, tukijipongeza kwa heshima tuliyowapa?

Juma hili, basi, nawaomba mambo machache. Aliye na mzee nyumbani ambaye hajapimwa macho mwaka huu ampeleke, na asimwache mlangoni, aingie naye. Kama mzee ameanza kurudia maneno, kupotea njia au kushindwa kuhesabu chenji, mwambieni daktari wazi, wala msilifiche kwa kuona aibu. Nendeni na dawa zote anazotumia, ziwe kwenye mfuko mmoja. Yule anayetaka saini ya mzee asubiri mpaka majibu yatoke. Na wazee wa kanisa wa kila mtaa wataniletea, kabla ya ibada ya Jumapili ijayo, majina ya wazee wasio na wa kuwapeleka. Gari la usharika litawafuata.